Mpagazi wa Mwisho Darajani

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni kuukuu ndiyo harufu ya utoto wangu, na siipendi. Tulikaa Bellevue, mtaa wa jiji la ugenini tulikokimbilia, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba tisa, kila chumba na familia yake na jiko lake la mafuta ya taa. Kilichobaki cha sebule kilikuwa cha Papa Zawadi, fundi cherehani kutoka Bukavu, na televisheni ilikuwa yake. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliiwasha, vumbi likaanza kunukia, nasi watoto tukakaa juu ya marobota ya vitambaa kutazama mchezo wa kuigiza wa zamani wa msituni, wa picha nyeusi na nyeupe, ulioendelea wiki hadi wiki. Kulikuwa na mzungu mwenye bunduki ambaye hakuchafuka hata siku moja, na nyuma yake mstari wa wapagazi wenye masanduku kichwani. Wapagazi wale walisema Kiswahili! "Twende, twende, haraka!" Maneno yao yote ndiyo hayo, lakini sebule nzima ilishangilia kila waliposema.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama hakujua Kiingereza, mimi nilikipata shuleni, kwa hiyo nilikuwa mdomo wake kila mahali: kliniki, kwa mwenye nyumba, kwenye foleni ya makaratasi ya ukimbizi. Baba hatukuwa naye. Tulipokimbia kwetu Shabunda, alitembea nyuma kabisa ya watu wote na gunia la nguo zetu kichwani, bega la kushoto limeshuka kama kawaida yake. Risasi zikalia, watu wakatawanyika msituni, na tangu hapo hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Mwaka wa tatu akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Bahati, walimkalisha mama chini wakamwambia inatosha, aweke matanga, amlilie mumewe kama wajane wengine apate kupumua. Mama alikubali kwa shida sana. Kitenge cha sare kikanunuliwa, cha buluu iliyokolea, Papa Zawadi akaanza kushona, na Jumamosi ya matanga ikapangwa, wiki mbili mbele.

Jumapili iliyofuata mama aliingia sebuleni kupimwa gauni lake la matanga. Alikuwa amesimama, pini mabegani, macho yake yakaangukia kwenye televisheni. Mpagazi wa mwisho alikuwa akipita na sanduku kichwani, bega la kushoto limeshuka. Mama akashika kifua. "Feza! Baba yako yule!" Papa Zawadi akaanza kucheka, kisha akauona uso wake akaacha. "Eish, dada yangu, hizi picha ni za zamani sana," akamwambia kwa upole, "hata mimi nilikuwa sijazaliwa." Mama hakumsikia. Msimcheke, mtu aliyengoja miaka mitatu bila kaburi huamini chochote. Alinivuta mkono. "Banasema nini, Feza? Banakwenda wapi?" Mzungu alikuwa akizungumza habari za almasi. Mimi nilimtazama mama, nikaona uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipotoka kwetu, nikasema, "Wanasema wiki ijayo wanatoka msituni. Wote." Mungu anisamehe, nilidanganya hivi hivi, bila hata kusita.

Kesho yake mama alikwenda kwa Mama Bahati kumwambia kwamba matanga hayapo tena. Huwezi kumlilia mtu ambaye Jumapili anatoka msituni. Walimgombeza, wakamwombea, wengine wakasema amechanganyikiwa, naye akarudi nyumbani akapika sombe ya majani ya muhogo huku akiimba. Kila asubuhi aliponisindikiza shule, tukingoja robot, taa ya barabarani, igeuke kijani tuvuke, nilitaka kumwambia ukweli, na kila asubuhi nikamwambia tu kwamba sasa tuvuke.

Jumapili alikaa mbele kabisa, amejipaka mafuta, amevaa kitenge ambacho baba alikipenda. Wapagazi wakafika kwenye daraja la kamba. Mzungu akavuka, nao wakavuka mmoja mmoja. Wa mwisho alipofika katikati kamba ikakatika, akaanguka na sanduku lake, ukasikika ukelele mmoja tu. Mzungu akachungulia bondeni, akasema sentensi moja, safari ikaendelea. Mama akanigeukia. "Banasema nini?" Mzungu alikuwa amesema kwamba dawa zao zimepotea. Sanduku la dawa! Mtu hakutajwa kabisa. Nikainama nikaanza kuvuta uzi wa robota. Mama akanishika mabega akanitikisa, "Sema, Feza! Sema!" nikasema yote, ya dawa na ya uongo wangu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa juu ya marobota akilia bila sauti mpaka Papa Zawadi akainuka kuizima televisheni.

Matanga hayakuwekwa kamwe. Gauni la buluu limo sandukuni mwake mpaka leo, pini zingalipo mabegani. Sasa tunakaa mtaa wa Observatory, nina saluni yangu, na watoto wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Mwaka jana mwanangu mkubwa alinionyesha kwamba michezo yote ya zamani imo kwenye simu, nikautafuta ule. Nilitaka mama aone mwenyewe kwamba yule mtu si baba, labda mwishowe tumlilie. Akavaa miwani, akatazama. Jamani, hafanani naye hata kidogo, ni bega tu. Wapagazi wakafika darajani, mama akanishika mkono. "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Televisheni ya Papa Zawadi haikuwa na namna ya kusimamishwa. Siku hizi kila Jumapili tukitoka kanisani ananiomba simu, na kila Jumapili namsimamisha yule mpagazi pale pale, mguu mmoja juu ya kamba, nasi wawili tunakaa tukimtazama asivuke.