Mkono wa Makokha

Kaka yangu Wangila ni mtu wa watu. Ameuza kamba za ng'ombe na majembe soko la Misikhu tangu nikiwa msichana, na hampiti mtu bila kuuliza hali yake, ya watoto, hata ya mifugo. Kwa hivyo watu walipoanza kusema ati siku hizi amejaa maringo, nilikasirika. Mimi nimeolewa Kitale, lakini maneno ya Misikhu hunifikia yakiwa bado moto.

Shida ilianzia kanisani. Kwetu ibada ikiisha tunapanga mstari nje, na kila anayetoka anasalimia wote kwa mkono. Jumapili moja Wangila akampita Makokha, akamwacha na mkono hewani. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo. Na Makokha ni rafiki yake wa toka utoto, walitahiriwa pamoja. Kudharauliwa namna hiyo mbele ya akina mama, bana, hiyo aibu inaweza kukuhamisha kanisa.

Nikafunga safari kwenda kumkaripia. Nilimpata ameketi nje ya duka. Kabla sijaanza, Makokha naye akafika, uso ameukunja, akaketi kushoto kwake. Nikangoja matusi. Badala yake Makokha akanyoosha mkono, akauacha kando ya sikio la rafiki yake. Wangila akaendelea kunieleza bei ya mahindi. Makokha akausogeza mbele polepole. Ulipokaribia pua, Wangila akashtuka.

“Hii mkono imetoka wapi?”

“Imekuwa hapa tangu Jumapili, ndugu yangu,” Makokha akasema, na hasira yote ikamwisha.

Tukampeleka Bungoma kwa daktari wa macho. Alibisha njia nzima: macho hayaumi, hayana utando, saa ya ukutani anaisoma vizuri. Daktari akapima, akasema ni presha ya macho. Haina maumivu. Inakula pembeni kwanza na kuacha katikati, ndiyo maana mtu anasoma saa na bado anajigonga mlangoni. Kilicholiwa hakirudi, dawa ya matone, kila siku, maisha yote, ndiyo italinda kilichobaki. Nililia. Wangila akaniambia ninyamaze, amebaki na macho ya kutosha kuniona nikinuna.

Kisha daktari akanigeukia mimi. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu, akasema, ndugu wa tumbo moja wapimwe wote. Mimi? Mimi ni fundi wa nguo, natia uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini Wangila alinisumbua kwa simu mpaka nikaenda kupimwa Kitale, ndiyo aniache.

Nikawekwa mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, jicho moja limezibwa. Muuguzi akanipa kitufe: tazama katikati, ukiona taa popote, bonyeza. Nikabonyeza, nikabonyeza, kisha taa zikaisha. Nikakaa, nikachoka. Kwa ukali wangu nikamwuliza kama stima imepotea, ama anangoja nini kuziwasha.

“Mama,” akasema kwa upole, “zinawaka.”

Siku hizi Wangila hunipigia kila asubuhi. Tunaweka simu mezani, kila mtu kwake, tunatazama dari na kutia matone.