Kambale Walipokosa Njia ya Kurudi

Siku ya kwanza kazini nilishuka kwenye lori la mpunga huko Usangu nikiwa na begi moja na cheti cha chuo cha uvuvi. Afisa Uvuvi wa Wilaya, mtu mpole wa Kilolo, alinipeleka ukingoni mwa mto Ruaha kabla hata sijaonyeshwa nyumba. Maji yalikuwa yanaingia mbugani.

"Binti, kazi yako ni kulinda njia," aliniambia. "Kambale wanapanda kutaga. Wakimaliza watataka kurudi mtoni. Asiwepo wa kuwazibia."

Nikaifanya kazi hiyo miaka mingi. Masika yakianza, kambale na perege huacha mto na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Hayo ndiyo mazalia yao. Nilizunguka kuwaomba wavuvi watoe migono, ile mitego ya kusukwa kwa fito, mpaka samaki wapite. Waliniita mama samaki. Sikuwa na mume wala mtoto, na nyumba ya idara ilikuwa peke yake, hivyo jina hilo nililipenda.

Jirani yangu akaja kuwa Nkwimba, Msukuma. Yeye na mumewe walitoka Shinyanga na ng'ombe wao baada ya malisho ya kwao kwisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, na changu pia, maana mimi ni Mnyakyusa. Aliniletea maziwa ya mgando, nami nikampa kambale wakavu. Jioni tulikaa wote nje ya nyumba yangu.

Kisha mashamba ya mpunga yakaongezeka huko juu, mifereji ikanywa mto, na mifugo nayo ikazidi. Kiangazi kimoja Ruaha ikakatika. Kambale waliotoka mbugani walikuta mchanga. Wakajazana kwenye vidimbwi, watu wakawazoa kwa mabeseni.

Haikupita muda ikatoka amri ya serikali: wafugaji na wavuvi wote waondoke mbugani. Mkuu wa Idara akanituma mimi kusoma tangazo, kwa kuwa watu walinizoea.

Nkwimba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Dada, samaki uliwalindia njia ya kurudi. Sisi turudi wapi?"

Nilimjibu kwamba tangazo halikusema.

Nkwimba na mumewe walielekea Lindi, ndama kwenye lori, ng'ombe wakubwa kwa miguu. Wavuvi wakahamia bwawa la Mtera. Masika yaliyofuata nilizunguka mbugani kama kawaida, ila hapakuwa na mtu wa kumwomba atoe mgono. Nilifika mpaka mwisho wa mbuga, nikarudi, nikapika chakula cha mtu mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Idodi, nikastaafia huko. Sasa naishi Mwanjelwa. Vijana wa idara huja kuniuliza nani aliumaliza mto. Nawaambia samaki walifuata maji, wafugaji majani, wakulima tope. Sikukutana na mtu aliyekuja ili aharibu. Huwa wanatamani jibu fupi zaidi.

Mwezi uliopita Nkwimba alinipigia simu. Namba yangu aliipata kwa ndugu yake aliyebaki Mbarali, huko huko Usangu. Akauliza kama mto unatiririka. Nikamwambia sijui, sijarudi kule. Nilisikia ng'ombe wakilia upande wake, na hakuna kati yetu aliyekata simu.