Mwandiko Wangu Kwenye Daftari la Balozi

Watu huniuliza nilianzia wapi kazi hii ya kutetea haki na amani. Wanatarajia nitaje chuo. Nilianzia Malindi, si ile ya pwani bali kijiji chetu cha milimani juu ya Lushoto, kwa kumkosea jirani yetu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kila Jumamosi asubuhi kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwenda kulima shamba la kijiji. Baba alikuwa hodari wa jembe, ila kalamu ilimshinda, kwa hiyo daftari la mahudhurio nililishika mimi, binti yake wa darasa la sita. Na maringo niliyokuwa nayo! Watu wazima na majembe yao mabegani walinyoosha shingo kuhakikisha nimewaandika.

Jirani yetu huyo alikuwa mjane. Mwanawe mdogo alipougua surua, alimbeba mgongoni kumshusha hospitali ya Lushoto. Alinikuta nachota maji. "Mwambie baba yako sitafika shambani mpaka mtoto apone." Nilimwambia. Baba akajibu, "Wewe andika hakufika. Tukianza kuandika sababu, daftari litajaa na shamba litabaki magugu." Nikaandika. Jumamosi mbili zilizofuata, mtoto akiwa bado wodini, nikaandika tena.

Kamati ya kijiji ilikuwa na sheria yake: anayekosa mara tatu ananyang'anywa kipande chake cha bondeni. Bondeni ndiko kwenye maji, ndiko mboga zinakoota hata kiangazi. Bila kipande kile, yule mama na wanawe wangekula nini?

Mkutano ulifanyika shuleni. Mwenyekiti akasoma daftari kwa sauti: hakufika, hakufika, hakufika. Yule mama akajitetea kwa Kishambaa, wakamwambia visingizio kila mtu anavyo. Mwandiko wangu ulikuwa unamhukumu, na mimi nimekaa tu. Kwetu msichana hasemi mbele ya wazee asipoulizwa, lakini mdomo wangu haukuwa na breki tangu zamani. Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Huyu mama alileta udhuru. Niliupokea mimi, na sikuuandika."

Hakuna aliyeitikia marahaba. Mwenyekiti akamgeukia baba. "Balozi, ni kweli?"

Nilijua nimemvua baba nguo mbele za watu. Akasema, "Ni kweli. Mtoto aliniambia. Mimi ndiye niliyemkataza asiandike." Sijawahi kumwonea baba fahari kama siku ile. Nikapewa kalamu, nikaandika udhuru mbele yao wote, na kipande cha bondeni kikabaki cha mwenyewe.

Nilitoka nje kifua mbele, nikamsubiri yule mama aje kunishukuru. Akaja, akanishika bega.

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa Kishambaa. "Lakini ile Jumamosi ya pili ulikuja wodini na mama yako kumwona mgonjwa. Ulimshika mkono mwanangu, ukaniambia pole. Asubuhi ya siku hiyo hiyo ulikuwa umeandika nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nilijua vizuri nilichokuwa nimeandika.