Boila la Mama Mal-sun

Mama mkwe wangu, Mal-sun, hatupi kitu. Mfuko uliobeba samaki leo huuosha, huuanika, na wiki ijayo unabeba vitunguu. Miaka thelathini amekaanga keki za samaki sokoni Incheon akiwa amesimama kwenye baridi, na ndiyo maana nyumbani kwake anataka sakafu iwe ya moto mpaka nyayo ziombe soksi.

Mume wangu, Seok-ho, alipoondoka na meli anayofanyia kazi mwezi wa kumi na mbili, nilihamia kwa mama mkwe pamoja na mtoto wetu Haram, wa miezi mitatu. Tulilala wote watatu chini, kwenye chumba kile chenye joto.

Siku ya nne niliamka na kichwa kizito. Mama naye alikuwa ameshika paji la uso. Akachota kwenye mtungi maji ya figili zilizochachuka, yenye barafu juu, tukanywa bakuli kwa bakuli.

"Enzi za makaa haya ndiyo yalikuwa dawa," alisema. "Moshi wa makaa ukikushika, maji haya yanakurudisha."

"Lakini siku hizi hatuwashi makaa, Mama."

"Kwani nimesema tunawasha? Sasa ni gesi, gesi haina mambo hayo. Wewe kinachokuumiza ni kukosa usingizi."

Mkwe mgeni hasemi nyumba ya watu inamuumiza. Ila niliendelea kuangalia. Jumapili boila la gesi, lile linalopasha sakafu joto, lilizimika kutwa, tukalala tumejikunyata, na Jumatatu kichwa changu kilikuwa chepesi. Jumatatu likawaka tena. Jumanne Haram, ambaye hudai ziwa kabla hakujakucha, alilala mpaka saa tatu asubuhi, na hata nilipomwamsha alinyonya kidogo tu akaacha.

Asubuhi hiyohiyo boila likazimika tena. Mama akalipiga kwa kandambili kama kawaida yake. Halikuitika, akampigia simu fundi Pyo.

Boila lilikuwa kwenye kijichumba cha baraza ya nyuma, limefungwa mablanketi kama mgonjwa. Fundi alifungua kifuniko cha mbele akacheka.

"Bibi, hili lina miaka ishirini. Waliozaliwa mwaka wake wako jeshini sasa."

"Basi na lenyewe litumikie taifa. Tengeneza."

"Feni imekufa. Nikiibadilisha leo, mwezi ujao kitakufa kingine. Weka jipya."

"Nyumba yenyewe inabomolewa mwaka kesho kutwa! Mtaa mzima umeshapigwa alama. Niweke boila jipya ili greda lipate joto?"

Fundi akaanza kutafuta feni kwenye begi. Nilikuwa mlangoni na Haram kifuani.

"Fundi, samahani. Bomba la moshi linatokea wapi?"

Mama hakugeuka. "Mama Haram, mtoto analia huko, mwache fundi afanye kazi."

"Halii, Mama. Ninaye hapa. Hajalia tangu asubuhi."

Fundi alimtazama mtoto, kisha akavuta blanketi la juu. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi wa masizi. Bomba lilikuwa limechomoka kwenye kiungo chake, pengo la kuingiza ngumi. Na tundu la hewa lililo karibu na dari lilikuwa limeshindiliwa koti kuukuu.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," alisema mama. "Baridi ilikuwa inaingia. Mabomba ya maji yangeganda."

Fundi alifunga gesi, akatupita kwa kasi, akaanza kuchana plastiki tuliyobandika madirishani kuzuia baridi, akifungua dirisha moja baada ya jingine.

"Tokeni nje! Na mtoto! Moshi wake umekuwa ukiingia ndani, nao hauna harufu!"

Kwenye ngazi upepo ulitukata masikio. Haram alikunja uso, akashtuka, akalia kwa nguvu zake zote. Nilimbana kifuani, na mimi nikalia.

Fundi akatoka anafuta mikono. "Nendeni hospitali sasa hivi, mpimwe damu wote. Hili naweza kurudisha bomba lake, nizibue tundu, niweke feni. Litawaka leo. Jipya haliji mpaka kesho mchana, na usiku huu ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Niambieni nifanye lipi."

Mama alinitazama. Tangu niolewe hakuwahi kunitazama akisubiri jibu.

"Likitengenezwa, Mama, sitalala humu na mtoto. Nisamehe."

"Unaniondolea mjukuu?"

"Nataka na wewe uondoke nasi."

Mama alikaa kwenye ngazi ile baridi bila kutandika kitu.

"Mama mwenye kunyonyesha," alimwambia fundi, "mimi namnywesha maji ya figili. Najua kabisa ni dawa ya moshi, halafu namnywesha huku nimeziba tundu."

"Bibi, wengi hufanya—"

"Ling'oe. Lipeleke mbali, tukirudi nisilikute. Nikilikuta nimeshikwa na baridi nitajiambia mara hii tu, na nitaliwasha. Najijua."

Akamchukua Haram, akamfunga mgongoni, akatangulia kushuka ngazi.

Hospitali walitupa oksijeni ya kuvuta kwa barakoa. Mama alikataa barakoa yake mpaka damu ya Haram isomwe. Daktari aliporudi alisema sumu ya moshi ilikuwemo kwenye damu yake, lakini kidogo. Mtoto angelala pale siku moja wamwangalie. Akauliza chanzo ni nini, aandike.

Nilifungua mdomo niseme boila lilikuwa kuukuu.

"Andika niliziba tundu la hewa kwa koti langu," mama alisema. Kisha akavaa barakoa.