Vigingi vya Maharagwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa tai. Nilikuwa na shahada ya kilimo na ndoto ya mashamba ya ngano. Serikali ikanipeleka Eastlands, jijini Nairobi. Afisa wa Kilimo wa Divisheni, mtu mzito aliyeongea akitafuna, alinikagua kutoka viatu hadi tai.

"Wewe ndiye bwana shamba mpya? Karibu. Hapa tunalima lami."

Nilipewa kipande kimoja nyuma ya Donholm, baki la shamba la zamani la ng'ombe wa maziwa, lililoachwa likamezwa na nyasi sugu za sangari. Akina mama wa Kaloleni, ambao waume zao walikuwa wamepunguzwa kazini, waliomba kulilima ili watoto wale. Kiongozi wao alikuwa Mama Achieng'.

Udongo wa huko ni mweusi, hupasuka kiangazi na kuwa uji masika. Kabla ya kupanda unachimba mitaro ya kutoa maji. Kabla ya kuchimba unapiga vigingi kufuata mwinuko wa ardhi. Nikavipaka vyangu chokaa ili vionekane. Jambo ambalo chuo hakikunifundisha ni kwamba miaka ile ya tisini kigingi cheupe kilikuwa na maana moja: ardhi imenyakuliwa. Kwanza vigingi, kisha bikoni za saruji za mpaka, kisha mabati, kisha vijana wa rungu.

Nilikuwa nimeinamia kigingi cha mwisho nilipozingirwa na vijana wa Kaloleni wenye mapanga.

"Buda, unapimia nani?"

"Mimi ni bwana shamba." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Bwana shamba na tai?" Mmoja akang'oa nyasi, akanisogezea usoni. "Haya, hii inaitwaje?"

Kila mtoto anaijua sangari. Lakini hofu ilinirudisha chumba cha mtihani. "Digitaria scalarum," nikajibu kwa Kilatini.

"Mnasikia? Hiyo ni lugha ya mawakili!"

Panga likapanda juu. Mama Achieng' akaja mbio, akanitupia jembe. "Lima!" Nikalima. Jembe likadunda, likakosa kidole changu cha mguu kwa unywele. Watu wakaanza kucheka.

"Mnyakuzi hawezi kujiaibisha hivi," Mama akawaambia. "Mwacheni, huyu ni wetu."

Tukapanda maharagwe yanayotambaa, yale yanayohitaji fito za kuparamia. Yalipoanza kurefuka, asubuhi moja nikakuta vigingi vyeupe ambavyo sikuvipiga mimi. Nikamkimbilia mkuu wangu. Akaacha kutafuna.

"Una watoto?"

"Wawili, mzee."

"Basi hujaona kigingi."

Nilirudi kuwaambia akina mama waondoke. Mama Achieng' alinisikiliza hadi mwisho. "Tukiving'oa tutaumizwa," akasema. "Wacha tuvipe kazi." Akauzungusha mmea wa haragwe kwenye kigingi cha wanyakuzi. Wenzake wakaleta fito, wakazipaka chokaa yangu iliyobaki, kila shina na fito yake. Jioni hata mimi singeweza kusema kipi ni cha nani.

Wanyakuzi wakaja na lori la saruji. Bwana mmoja mwenye miwani ya jua akashuka, akazunguka, akapotea katika weupe ule. Akina mama waliendelea kupalilia. Akanijia mimi, nadhani kwa sababu ya tai.

"Hivi vigingi ni vya nani?"

Ukweli ulikataa kutoka, uongo pia. Kikatoka Kilatini cha maharagwe.

"Vya Phaseolus vulgaris."

Akavua miwani. "Ni Mgiriki?"

"Kabila lake silijui," nikasema. "Lakini ana mashamba nchi nzima."

Nyuma yangu Mama Achieng' alishikwa na kikohozi. Yule bwana akamnong'oneza dereva. Kuwanyang'anya akina mama wa Kaloleni ni kazi rahisi. Kugongana na mnyakuzi mkubwa kuliko wewe ni jambo jingine. Lori likageuka.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kilimo huniuliza siri ya kufufua shamba lililokufa, nami nawaeleza habari za mitaro, samadi na kung'oa sangari pamoja na mizizi yake. Siwaelezi jinsi nilivyoishi msimu ule wote nikisubiri yule mwenye miwani apate kamusi ya Kilatini.

Mama Achieng' hayupo tena, lakini binti zake wanalima palepale. Juzi nilipokwenda kuwasalimia niliona vigingi vyeupe visivyo vyao kando ya mtaro. Nilirudi nyumbani kuchukua mbegu, na tai.