Kuisemesha Miche

Nimekulia Makandana, mtoto wa mjini, kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni wala hasemi naye, nilidhani ni hadithi za Wanyakyusa wa zamani. Thubutu! Nilipoolewa Masukulu, nikimsikia mzee anakohoa njiani naingia migombani, nageuka mpaka apite.

Sasa fikiria: yeye ndiye mwenye kuijua kazi, mimi ndiye mwenye mikono. Tulikuwa tunakuza na kuuza miche ya parachichi. Alichojua alimwambia mume wangu, naye akanifikishia kwa kifupi, tena nikimbembeleza. Kisha mume wangu akafa kwa ajali ya barabarani.

Nilimlilia mume. Matanga yakaisha, nikaanza kulilia kazi. Vikonyo vya kubebeshea, yaani vijitawi vinavyopachikwa kwenye miche, hukatwa kwenye mti mama, ule unaozaa vizuri kila mwaka. Shambani miparachichi ilikuwa mingi, yote sura moja, na aliyeujua mti mama ni mzee peke yake. Ukikosea, mche unaota vizuri tu, mnunuzi anaondoka anashukuru, na miaka inapita ndipo anagundua umemtapeli. Jina likishaharibika, watoto wangu wangekula nini? Mzee naye kifua kilikuwa kinambana, anadhoofika. Mficha uchi hazai, jamani, na sisi heshima ilikuwa inaelekea kutuua njaa.

Asubuhi moja akaketi nyuma ya neti ya kitalu, amenipa mgongo, akaanza kuisemesha miche. "Wewe mche, usikatiwe kikonyo kilichokwisha kuchanua. Na kisu kioshwe."

Nikaelewa. Nami nikauuliza mche wangu, "Na wewe, maji upewe lini?" Akaijibu miche. Tukaendelea hivyo wiki nzima. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona uchungu. Watu wazima, ua mmoja, tunapitishia maarifa kwenye majani.

Siku ya kukata vikonyo aliiambia miche kwamba mti mama ni ule wa juu, karibu na shamba la chai. Nikapandisha huko, nikainua kisu. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga mawe, na mtu anahema.

"Siyo huo, mwanangu! Ule pale!"

Nikageuka kabla sijakumbuka mwiko. Alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umenyooka, wala hakujificha. Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Ulikuwa uso wa mume wangu, wenye mvi ambazo yeye hakuzifikia.