Siku Tatu za Kuamsha Pikapu ya Baba

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huwa natabasamu kwanza, kisha naona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikuwa tumerudi nyumbani Lobule kutoka ng'ambo ya mpaka, tulikokimbilia wakati wa vita, na baba alikuwa amefia huko. Kabla hatujakimbia, aliificha pikapu yake ndani ya ghala la udongo, akauziba mlango kwa matofali. Asubuhi hiyo tuliyabomoa yale matofali. Pikapu ilikuwa mle ndani, juu ya magogo manne, imejaa vumbi na mavi ya popo, lakini nzima. Miaka sita, na hakuna askari aliyeiona.

Baba alikuwa akibeba tumbaku ya majirani kwa gari lile mpaka Arua, na sisi tulisoma kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mimi niliona gari. Baba mdogo Lomoro, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba, aliona bati. Alikuwa ameshazungumza na mtu wa vyuma chakavu wa Arua, anayekata magari mabovu ili mafundi watengeneze sigiri za mkaa.

"Jumamosi lori inakuja," aliniambia. "Kama mpaka siku hiyo haitembei, iende. Tutapikia chai."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Haraka ikaniingia mwilini kama homa. Huko ng'ambo nilikuwa nimejifunza kuendesha, basi nikajiona fundi. Niliazima betri. Nilijaza matairi upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka mabega yakauma. Nikamimina petroli mpya kwenye tangi bila hata kuchungulia kilichobaki chini yake, nikawaita vijana wenzangu tuishushe kutoka kwenye magogo na kuisukuma.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. "Ngoja kidogo," akasema. "Baba yako ali..."

Sikumwacha amalize. "Mama, hii kazi ya gari, si ya jikoni. Wewe tuchemshie muhogo."

Vijana wakacheka. Mama akarudi ndani.

Tulisukuma. Niliachia klachi, injini ikazunguka mara mbili tatu kwa mlio wa chuma kikavu kinachosagana, haikuwaka. Nikatoa gia tujaribu tena huko mbele. Gari likashika kasi mteremkoni, nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka sakafuni bila kukuta kitu. Tuliishia mtaroni, kando ya shamba la jirani, taa moja imepasuka. Baba mdogo alikuja, akalizunguka, akasema, "Vizuri. Umeanza kuikata wewe mwenyewe."

Kesho yake nilipanda baiskeli mpaka Koboko mjini kumtafuta Mzee Rajabu, Mnubi mmoja aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi enzi za ujana wake. Nilimweleza kila kitu, isipokuwa maneno niliyomwambia mama. Alikuja Alhamisi asubuhi na mfuko mdogo wa spana. Tuliokuwa pale tulidhani atafungua boneti mara moja. Hakufungua. Alilizunguka gari, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, kisha akakaa juu ya gogo.

"Nani alilaza hii gari?"

"Baba. Alikufa, Mzee."

"Pole, kijana. Alilaza peke yake?"

"Mama alikuwepo. Lakini mama hajui gari."

Alinitazama, akautazama mtaro. "Na wewe, unajua gari?"

Wale vijana waliomcheka mama sasa wakanicheka mimi.

"Gari iko kwa mtaro," akaendelea, "na mtu mwenye kujua habari yake iko jikoni. Ita mama."

Mama alipokuja, yule mzee alisimama, akamsalimu, akamuuliza habari za safari ya kurudi, habari za watoto, habari za marehemu. Ndipo akamwomba aeleze jinsi gari lilivyolazwa. Mwanangu, mama alisimulia kama mtu anayesoma barua! Maji ya rejeta yalimwagwa yote. Petroli ilitolewa, lakini kidogo ilibaki chini, na bila shaka imeoza. Mipira ya breki, baba alisema itakauka, isiaminiwe. "Na kwa bomba ya moshi niliweka nguo mimi mwenyewe, panya isiingie." Mzee Rajabu akainama, akavuta, akatoa kipande kirefu cha kitenge kilichosokotwa. Nilikuwa nimejaribu kuwasha gari lililozibwa pua.

Kisha mama akaingia ndani, akatoka na kitu kidogo cheusi, kama kidole gumba. Ilikuwa rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya mtambo wa umeme na kuigawia kila plagi moto wake. Bila hicho, hakuna cheche.

"Alitoa hii, akanipa," mama akasema. "Akasema, wacha askari wasukume mpaka Juba, haiwaki. Nimetembea nayo kwa nguo yangu hii miaka yote."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilisema ngoja. Ukanituma muhogo."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Mzee Rajabu aliishika ile rota kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Mama, wewe ndiye fundi. Mimi nimekuja kukusaidia." Kisha akanigeukia. "Mtu ametoka kwa njaa ndefu, unampa nyama siku ya kwanza? Utamuua. Gari pia iko hivyo. Ulizungusha injini kavu. Omba Mungu haijakwaruzika."

Tukaanza upya. Alhamisi tulilivuta gari kutoka mtaroni, tukamwaga petroli mbovu, nayo ilinuka kama rangi ya zamani. Mzee alifungua plagi zote, akatia oili kidogo katika kila tundu, akatukataza tusiiguse injini mpaka kesho yake, ili oili ishuke taratibu na kulainisha vyuma vilivyokaukiana. Ijumaa alinipa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini. "Zungusha kwa mkono. Ikikataa, usilazimishe. Rudisha nyuma kidogo, jaribu tena." Mara ya kwanza ilisogea upana wa kidole. Kufikia adhuhuri ilikuwa inazunguka laini. Mzee akanawa, akaenda kuswali, na mimi niliyekuwa na siku moja tu nikajifunza kukaa chini.

Jumamosi lori lilifika wakati Mzee Rajabu yuko chini ya gari, akibadilisha mipira ya breki.

"Washa basi tuone!" baba mdogo akapaza sauti. "Watu iko na kazi."

"Iwake halafu isisimame?" Mzee akajibu akiwa kule kule chini. "Unataka kuua nani, Lomoro?"

Mwenye lori akakaa kivulini mwa lori lake. Breki ziliposhika, Mzee alitoka, akajipangusa, akamwita mama aiweke rota mwenyewe. Mama aliiweka, akaibonyeza, ikakaa. Nilizungusha hendeli mara moja. Hakuna. Mara ya pili, pikapu ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliojaa masizi ya miaka sita, ikanguruma. Baba mdogo alisimama akaisikiliza muda mrefu. Akafuta macho, akamwendea mwenye lori. "Samahani, ndugu yangu. Hii ni gari."

Nimeendesha magari mengi tangu hapo, mwanangu, mpaka Oraba na kurudi. Sijaona tena akili kama ya watu wawili wale: mama aliyeitunza cheche kwenye nguo yake kupitia njaa na safari, na mzee aliyejua kuuliza kabla ya kushika spana. Basi sikia ushauri wangu. Kitu chochote kilicholala muda mrefu, kiwe gari, shamba, au undugu uliokatika, usikiendee kwa nguvu. Mtafute kwanza aliyekuwepo kilipolazwa, hata kama humdhanii kuwa anajua. Mwache amalize sentensi yake. Kisha lainisha, ngoja, zungusha kwa mkono, na uhakikishe kitasimama kabla hujakitaka kikimbie.

Mungu akupe subira ya siku moja zaidi ya zile unazodhani unazo. Awape uhai mrefu wanaojua mambo ya nyumbani kwenu, na wewe akupe unyenyekevu wa kuwauliza.